Leaf kuukuu kwenye barabara ya Emali

Nissan ilipoanza kuuza Leaf, gari lake la umeme, mwishoni mwa 2010, wateja wa Japani waliambiwa kwamba gari hilo litakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Marekani walilipima kwa njia yao wakapata 117. Kutoka Nairobi hadi Emali, katika kaunti ya Makueni, ni kama kilomita 125. Anayetaka kulinunua, tena lililokwisha kutumika, akae kwanza na namba hizo tatu kabla hajaanza kusifu utulivu wake.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Leaf zinazoshuka bandarini siku hizi zina betri kubwa zaidi, na bei yake ni kubwa vilevile. Gari linaloweza kufikiwa na mfuko wa mtu wa Makueni ni lile la zamani, lenye betri ya uniti 24 za stima, lililoingia nchini miaka kadhaa iliyopita na kuzunguka Nairobi hadi likamchosha mwenyewe. Mengine ya aina hiyo yalikuwa teksi: Nopia Ride ilianza biashara yake jijini kwa Leaf mwaka 2018. Mwaka uliofuata serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10, na wauzaji wakapata jambo jipya la kuandika kwenye matangazo.

Kinachonunuliwa hapo hasa ni betri. Ukingoni mwa dashibodi kuna vijistari 12 vyembamba vinavyoonyesha uzima wake, na cha kwanza hupotea betri ikiwa imeshapungukiwa na asilimia 15 hivi. Vikibaki 9, uwezo ni kama asilimia 70, yaani zile kilomita 117 zimekuwa 80 na kitu. Muuzaji mjanja hufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijistari vyote vikarudi, na vikadumu muda wa kutosha kwa yeye kubadilisha namba ya simu. Betri yenyewe haipozwi kwa maji wala kwa feni. Huachwa ipambane na hewa iliyopo. Hewa ya Emali mwezi wa Februari si ya kupambana nayo.

Watu wengi hudhani kikwazo cha kijijini ni stima. Sivyo. Mradi wa Last Mile, ulioanza 2015, ulizifikisha nyaya kwenye boma nyingi ambazo zamani ziliziona zikipita juu tu kwenda kwingine. Leaf huchajiwa kwa soketi ya kawaida, polepole, jioni hadi asubuhi. Hesabu ya gharama pia inaridhisha. Kilomita 100 hula kama uniti 20 kutoka ukutani, na uniti moja, ukijumlisha tozo na kodi zote, hukaribia shilingi 30. Hiyo ni 600. Probox kwa mwendo huohuo hunywa lita 7 hivi, na mwaka 2025 lita ya petroli ilikuwa ikicheza karibu na shilingi 180. Fanya hesabu mwenyewe.

Ila kuna kajambo. Bei nafuu kabisa ya stima ya nyumbani ni ya asiyezidi uniti 30 kwa mwezi. Gari lenye betri nzima likijazwa mara moja limekula 24. Aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa wanyonge wanaostahili kuonewa huruma anapandishwa daraja bila sherehe, na taa zake nazo zinalipiwa bei ya mwenye gari. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, iliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za usiku kabla ya tozo, lakini hiyo inataka mita yake peke yake. Kwa gari moja lililopaki chini ya mwembe, wachache watajisumbua.

Na stima hukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ilizimika karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Siku hiyo Emali ilikuwa sawa na Nairobi, usawa ambao wanasiasa wameutafuta kwa muda mrefu.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko mahali ambapo vipimo vya Japani na Marekani havikuangalia. Vipimo hivyo humfikiria mtu mwenye ratiba: anakwenda kazini, anarudi, anachomeka waya, analala. Mwalimu anayeishi kilomita 8 kutoka shuleni anaifuata ratiba hiyo vizuri kabisa, na kwa safari zake mwenyewe betri iliyochoka inamtosha wiki nzima. Lakini gari la kijijini halina ratiba, kwa sababu si la mtu mmoja. Ndilo ambulensi, ndilo la kubebea magunia ya ndengu kupeleka sokoni, ndilo linalofuata maiti na kurudisha waombolezaji. Saa nane za usiku mlango unagongwa: “Mwalimu, tusaidie, mama amezidiwa.” Hakuna anayeuliza betri ina asilimia ngapi. Hospitali ya Makindu iko kilomita 45 hivi, na gari limechomekwa tangu saa nne likiwa na chaji ya kufika huko bila ya kurudi. Mwenye Probox angepita kituo cha mafuta, akamwamsha kijana wa pampu, akaendelea. Mwenye Leaf ataeleza. Jirani atasikiliza kwa adabu, na kesho kijiji kizima kitajua kwamba mwalimu alikataa.

Bodaboda za umeme zimeliepa tatizo hili kwa sehemu kubwa. Kampuni kama Spiro na Ampersand humuuzia dereva pikipiki, na betri hubadilishwa kituoni kwa dakika chache. Uzee wa betri ni shida ya kampuni. Kwenye Leaf ni urithi wako.

Safari ya Nairobi haifai kujaribiwa, hata kama kurudi huwa rahisi kuliko kwenda: mwenye Leaf akitoka Nairobi anateremka mita mia kadhaa, na magurudumu yanairudishia betri kidogo kwenye kila mteremko. Kutoka Emali ni kupanda, kupitia Sultan Hamud na Salama, na ni hapo tu utakapomkuta dereva anayefurahi kukwama nyuma ya trela, kwa kuwa mwendo wa pole unaokoa chaji. Mwenye busara ataliacha kwenye stesheni ya Emali na kupanda treni ya SGR inayosimama vituo vya kati, ambayo huvutwa kwa dizeli.

Hata hivyo magari haya yatafika tu, kwa njia ileile ya vitu vyote vilivyochokwa na Nairobi. Na yakishachoka kusafiri, betri zake bado zina kazi: Japani, tangu 2012, kuna kifaa cha kurudisha stima kutoka kwenye Leaf hadi nyumbani. Betri iliyobaki na asilimia 60 bado inabeba uniti 14. Kwa boma linalotumia uniti 30 kwa mwezi, hizo ni taa, redio na simu za karibu wiki mbili bila Kenya Power. Kifaa chenyewe si cha bei ya kijijini, na fundi wa kukifunga bado atatoka Nairobi, kwa nauli ya mwenye nyumba.