Likizo ya Uzazi Si Ruhusa ya Chuo

Mzazi wa Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini anayeamua kurudi kusoma shahada ya uzamili huwa amekwisha kupiga hesabu ya ada, nauli na mtu wa kubaki na watoto. Kitu ambacho aghalabu hakimo katika hesabu hiyo ni barua. Katika makala haya tunaeleza kosa moja la barua linaloweza kumgharimu mzazi mwaka mzima, kisha tunagusa machache yanayolizunguka.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari wilayani Kilwa anayesoma kwa masafa huku akiendelea kufundisha, na ambaye husafiri kwenda chuoni kwa ajili ya semina na mitihani. Katikati ya muhula anajifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mwajiri wake anamwandikia barua bila kinyongo. Mwalimu anakaa nyumbani na mwanawe akiamini kwamba shughuli zake zote zimesimama. Kumbe chuoni jina lake lingali katika orodha ya wanaosoma, na mitihani inafanyika bila yeye. Anaporudi kujisajili anakuta anadaiwa ada ya muhula ambao hakuusoma, na katika kumbukumbu zake imeandikwa kwamba aliacha masomo bila taarifa.

Hapo hakuna aliyevunja sheria. Sheria ya ajira humfunga mwajiri. Chuo hufuata kanuni zake cha masomo ya uzamili, ambazo hupitishwa na Seneti yake. Vivyo hivyo mfadhili, kama yupo, ana mkataba wake. Mzazi ana ruhusa tatu za kuomba katika ofisi tatu, na ofisi hizo haziambiani. Baba naye asidhani jambo hili halimhusu: sheria hiyohiyo inampa angalau siku 3 za likizo mtoto anapozaliwa, na siku hizo pia hazitambuliki mlangoni pa chumba cha mtihani.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuahirisha masomo kwa maandishi, na kufanya hivyo kabla ya kuondoka. Ombi huanzia kwa msimamizi wa tasnifu au mkuu wa idara, kisha hupelekwa katika ofisi inayoshughulikia masomo ya uzamili, likiambatana na uthibitisho wa daktari au kliniki. Kabla ya kulitia saini, uliza mambo mawili: je, muda utakaoahirishwa unahesabiwa ndani ya muda wa mwisho wa kumaliza shahada? Na je, kuna ada inayoendelea kudaiwa wakati haupo? Majibu hutofautiana chuo kwa chuo, hivyo usitegemee aliyoambiwa rafiki yako aliyesoma kwingine. Na kujaza fomu peke yake hakutoshi. Ulinzi wako ni barua ya chuo inayosema kwamba ombi limekubaliwa, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Mpaka barua hiyo ifike, tunza nakala ya fomu yenye mhuri wa kupokelewa.

Kwa mkazi wa pwani yetu umbali nao una neno lake. Mwezi Mei 2024 mvua kubwa zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Likitokea jambo la namna hiyo wiki ya usajili au mitihani, andika baruapepe siku hiyohiyo, ukitaja namba yako ya usajili na sababu ya kuchelewa. Maelezo yaliyotolewa mwezi mmoja baadaye husomeka kama kisingizio, hata yakiwa kweli tupu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa Lindi. Anayesoma huko aanzie kituoni kabla ya kufikiria safari.

Kuna pia suala la majina, ambalo huku kwetu lina uzito wa pekee. Cheti cha kidato cha nne kinasema Saidi, kitambulisho cha Taifa kinasema Said, na cheti cha shahada ya kwanza kimeongeza jina la babu. Zuhura amekuwa Zuhra. Mama mwingine alianza kutumia jina la mume baada ya ndoa, lakini vyeti vyake vyote ni vya jina la baba. Tofauti ndogo ya tahajia kwa kawaida huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Aliyebadili jina lenyewe huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ulize chuo kinataka ipi kabla ya kulipia yoyote.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na chuo, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi, hata akiwa mtumishi wa hapohapo. Mwenye kadi hai ya bima ya afya aionyeshe kabla ya kulipia bima ya mwanafunzi. Na aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ajue kwamba kurudi darasani hakusimamishi makato ya asilimia 15 maadamu anaendelea kupokea mshahara.

Ikiwa umeomba kwa wakati na bado unadaiwa isivyo haki, andika kwa mkuu wa idara, kisha ofisi ya uzamili, kisha Makamu Mkuu wa Chuo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ni hatua ya baada ya hizo. Kila barua itaje tarehe ya ile iliyotangulia. Ambatisha nakala tu. Vyeti halisi virudi nawe Kilwa.