Mikindani, Mji wa Mawe Kando ya Ghuba

Basi la Masasi linalopitia Mingoyo hufika Mikindani kilomita kama 10 kabla ya Mtwara mjini. Anayetoka Newala kwa njia ya Tandahimba hufika Mtwara kwanza, kisha hurudi nyuma kidogo. Wengi hawashuki, na ni hasara kubwa.

Kuta za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, ujenzi wa Waswahili. Ghorofani kuna roshani za mbao za wafanyabiashara wa Kihindi. Chini, milango ya nakshi kama ya Zanzibar. Mlimani limesimama Boma la Wajerumani la 1895, jeupe, lenye mnara, leo hoteli.

Mvumbuzi David Livingstone alishukia ghuba ya Mikindani Machi 1866, akielekea Mto Ruvuma.

Boma limekarabatiwa vizuri. Nyumba kadhaa za mtaani ni magofu, mizizi ikipasua kuta, nazo zinahitaji mafundi wanaojua chokaa.