Fistula: Nyama ya mwili inapoziba tundu la kibofu

Msikilizaji wetu anayefanya kazi Al Garhoud, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege wa kimataifa wa Dubai, ametuuliza jambo ambalo wengi huona haya kulitamka.

Mdogo wake wa kike, aliyeko Tanzania, anavuja mkojo usiku na mchana tangu alipojifungua. Ameshonwa mara moja bila mafanikio. Sasa madaktari wanataka kutumia kipande cha nyama ya mwili wake mwenyewe. Kaka anauliza: je, amlete Dubai?

Tuanze na chanzo. Uchungu unapodumu siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hukibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Nyama iliyobanwa hukosa damu, hufa na kuacha tundu baina ya kibofu na uke. Mara nyingi mtoto naye huzaliwa amekufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa wanawake kati ya 50,000 na 100,000 hupatwa na fistula ya uzazi kila mwaka.

Wengi hupona kwa kushonwa tu: daktari hutenganisha kibofu na uke, kisha huziba tundu bila kuuvuta mshono. Tatizo ni pale palipojaa makovu. Kovu lina damu chache, na mshono usiopata damu hufumuka.

Hapo ndipo kipande cha nyama huhitajika. Hakikatwi kikaondolewa kabisa. Hubaki kimeshikana na mshipa wake wa damu, kama mche unaohamishwa pamoja na mizizi na udongo wake. Njia inayojulikana zaidi ina jina la Heinrich Martius, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1928: mafuta ya shavu la nje la uke hupitishwa chini ya ngozi na kulazwa juu ya mshono wa kibofu. Tundu likiwa kubwa, msuli mwembamba wa ndani ya paja hutumika. Fistula inayorekebishwa kupitia tumboni huweza kufunikwa kwa utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya utumbo.

Kanuni hiyo hiyo hutumika ukuta wa tumbo unapokuwa na pengo, baada ya jeraha au uvimbe kuondolewa, na kwa baadhi ya watoto wanaozaliwa kibofu kikiwa wazi nje ya tumbo.

Hata hivyo si kila fistula inahitaji kipande. Mwaka 2006 daktari Andrew Browning, aliyekuwa akifanya kazi Ethiopia, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa njia ya Martius haikuongeza uponyaji katika fistula za uzazi. Mabingwa wanabishana mpaka leo, na wagonjwa wana haki ya kujua hivyo.

Lipo pia jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha: tundu laweza kuzibika kabisa na mwanamke akaendelea kuvuja, kwa sababu msuli wa kuzuia mkojo uliharibika pamoja na kibofu. Huko si kushindwa kwa mshono, na tiba yake ni nyingine.

Turudi Al Garhoud. Hospitali za binafsi zipo mtaani humo, lakini fistula ya uzazi ni nadra mahali ambapo upasuaji wa kujifungua unapatikana kwa wakati. Uzoefu mkubwa uko kwetu: hospitali ya fistula ya Addis Ababa iliyoanzishwa mwaka 1974 na Catherine na Reginald Hamlin, Panzi ya daktari Denis Mukwege huko Bukavu, na CCBRT ya Dar es Salaam, ambayo ilianza mwaka 2009 kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa.

Kwa hiyo nauli ya ndege isubiri. Kaka amsaidie mdogo wake kumuuliza daktari amekwisha kurekebisha fistula ngapi zilizoshindikana mara ya kwanza, na mpira wa mkojo utakaa siku ngapi. Atakapojaliwa mimba nyingine, ajifungulie hospitali kwa upasuaji.