Bunduki inapopiga teke: bega, masikio na usalama wa watoto nyumbani

Mume amerudi kutoka kwenye mazoezi ya shabaha. Anavua shati, unaona bega la kulia limevilia damu. Anakwambia, "Si kitu, ni teke la bunduki tu." Usiku analalamika kwamba masikio yanavuma. Asubuhi mtoto anamwita mara tatu, hasikii.

Huku Ngara na Biharamulo wapo akina mama wengi wanaoishi na mtu anayeshika bunduki kwa kazi: askari wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, polisi, mgambo, au mlinzi wa duka na ghala. Wengine wana mzee nyumbani mwenye gobore au shotgani ya kulinda shamba. Makala haya yanaeleza teke la bunduki ni nini, linapunguzwaje, na kwa nini teke likipungua hatari haipungui.

Teke la bunduki ni nini?

Baruti inapowaka ndani ya bunduki, gesi yake husukuma risasi mbele na wakati huohuo husukuma bunduki nyuma. Chukua mfano wa ile bunduki ambayo watu wengi huiita SMG. Risasi yake ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 700 kwa sekunde. Bunduki yenyewe ina uzito wa karibu kilo 4, sawa na mtoto wa mwezi mmoja. Kwa kuwa ni nzito kuliko risasi, inarudi nyuma polepole zaidi, kama kasi ya mtu anayetembea haraka. Lakini inarudi yote kwa ghafla, na kinachoipokea ni bega. Shotgani nyingi hupiga teke kubwa zaidi ya hapo.

Kwa nini bunduki nyingine hupiga teke dogo?

Umewaona mafundi wakirushiana matofali? Anayedaka hakazi mikono, huirudisha nyuma pamoja na tofali ili lisimuumize. Uzito wa tofali haujabadilika, ila nguvu yake imetawanywa kwenye muda mrefu kidogo.

Bunduki inayojijaza yenyewe hufanya kitu kama hicho. Ikishafyatuliwa, chuma kilicho ndani yake hurudi nyuma na kukandamiza springi kabla msukumo wote haujafika begani. Mpigaji huhisi kama anasukumwa badala ya kupigwa. Chuma hicho kinaporudi mbele huingiza risasi nyingine, tayari kufyatuliwa tena. Kumbuka jambo hili, tutalirudia tutakapofika kwa watoto.

Nini hupunguza teke?

Mtu anayefanya kazi hii kwa kibali na mafunzo anaweza kulinda bega lake hivi:

- Kitako cha bunduki kikae kwenye nyama ya bega, chini ya mfupa wa mtulinga, kikiwa kimeshikizwa vizuri. Kikiachwa na nafasi, bunduki hupata mwendo na kugonga kama nyundo.
- Mwili uinamie mbele kidogo, mguu mmoja ukitangulia. Aliyesimama wima au kuegemea nyuma huyumba.
- Kitako kiwe na mpira wa kupunguza mshtuko. Ukikauka na kupasuka, ubadilishwe.
- Mazoezi yafanywe kidogo kidogo, na mtu apumzike bega likianza kuuma.
- Anayetumia gobore asiongeze baruti kwa kukisia. Baruti ikizidi, teke huzidi, na mtutu unaweza kupasuka usoni.

Kuna pia kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu, chenye matundu yanayorusha gesi pembeni. Kifaa hiki hupunguza teke kweli, lakini huelekeza mlio kwa mpigaji mwenyewe na kwa waliosimama kando yake. Bega linapata nafuu, masikio yanaumia zaidi.

Bega likiumia, fanya nini?

Michubuko mingi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Siku ya kwanza na ya pili, weka kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Wengi wetu tumezoea kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu. Usifanye hivyo siku za mwanzo, kwa sababu huongeza uvimbe na damu kuvilia. Paracetamol inatosha kwa maumivu ya kawaida.

Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa kama:

- hawezi kuinua mkono, au mfupa wa mtulinga umeinuka au umepinda;
- vidole vina ganzi au mkono umelegea;
- maumivu yanazidi badala ya kupungua baada ya siku tatu;
- bunduki ilimgonga usoni, na anaona ukungu, vitu viwili viwili, au mimweko ya mwanga.

Masikio hayaponi kama bega

Mazungumzo yetu ya kawaida yana sauti ya desibeli 60 hivi. Kwa mlio wa ghafla, Shirika la Afya Duniani limeshauri usizidi desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Milio ya bunduki nyingi kubwa hupita desibeli 150. Maana yake, hata mlio mmoja karibu na sikio unaweza kuleta madhara ya kudumu.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Zikifa, hazioti tena. Ndiyo maana mtu aliyepiga bunduki miaka mingi husikia sauti nzito lakini hukosa sauti nyembamba: mlio wa simu, sauti ya mtoto, maneno ya mke akiongea taratibu. Nyumbani tunadhani ametudharau, kumbe hasikii.

Kinga ni vizuia sauti vinavyofunika sikio lote, au vile vya sponji vinavyoingizwa sikioni. Kwenye mazoezi ni vizuri kuvaa vyote viwili kwa pamoja. Pamba au kipande cha kanga hakitoshi. Watoto wasipelekwe kutazama mazoezi ya shabaha hata kama wako mbali na mtutu, na mama mjamzito asikae karibu.

Masikio yakivuma au kuziba baada ya mlio, mhusika akae mahali pa kimya. Usimtie mafuta, kitunguu wala maji ya majani. Kama siku ya pili hali haijatulia, aende hospitali, iwe Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga au Biharamulo, na aombe kupimwa masikio. Sikio lililopoteza usikivu ghafla huhitaji kuonwa mapema. Akisubiri wiki kadhaa, nafasi ya kusaidiwa hupungua.

Vumbi linalokuja na nguo

Risasi nyingi zina madini ya risasi ndani yake. Kila mlio huacha vumbi lake kwenye mikono, nywele na nguo. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto tumboni. Aliyetoka kwenye mazoezi, au aliyetoka kusafisha bunduki, anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi.

Mtoto na bunduki isiyopiga teke sana

Wapo wazazi wanaosema, "Hii haina teke kubwa, kijana anaweza kujaribu." Hapa ndipo tunapokosea.

Mwaka 2014, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, msichana wa miaka 9 alipewa bunduki ndogo yenye kufyatua mfululizo kwenye uwanja wa shabaha. Mkufunzi mtu mzima alikuwa amesimama kando yake. Msukumo ukamshinda mtoto, mtutu ukapanda na kugeuka, risasi ikampiga mkufunzi kichwani. Alifariki. Ilikuwa mahali halali, palipokuwa na mwalimu.

Sasa rudi kwenye lile tulilosema mwanzo. Bunduki inayojijaza ina teke dogo kwa sababu ya mtambo uleule unaoingiza risasi inayofuata. Mtoto akishtushwa na mlio wa kwanza, vidole vyake hukaza vyenyewe, na risasi ya pili iko tayari. Tena, kuchomoa magazini hakuifanyi bunduki kuwa tupu. Risasi moja inaweza kubaki ndani ya chemba, na hiyo moja inatosha kuua.

Kwa hiyo mama una haki ya kuuliza, bila ugomvi: "Baba watoto, umeshatoa risasi zote? Ufunguo unao?" Bunduki inayolala nyumbani kihalali iwe tupu, ifungiwe kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Chini ya godoro, juu ya dari na nyuma ya magunia ya mahindi si mahali pa kufichia. Watoto wanapajua kuliko sisi.

Silaha isiyo na mwenyewe

Ngara inapakana na nchi zilizopitia vita, na ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi mwaka 1994. Bado kuna silaha zilizobaki maporini na majumbani. Novemba 2017, guruneti lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, Ngara. Wanafunzi kadhaa walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa.

Wafundishe watoto maneno manne: usiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Mkubwa naye asibebe kitu hicho. Azuie watu kusogea na amwite mwenyekiti wa kijiji au polisi kwa namba 112. Kama kuna bunduki isiyo na kibali nyumbani, polisi hutangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha. Uliza kwa mtendaji wa kata.

Mtu akipigwa risasi

Hakikisha kwanza bunduki haiko mikononi mwa mtu. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia ili kuchungulia. Usimwage mafuta ya taa wala kuweka majivu. Usijaribu kutoa risasi. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Fomu ya PF3 ifuatiliwe na ndugu mwingine wakati mgonjwa anahudumiwa.

Ya kukumbuka

- Bega lililochubuka hupona, sikio lililokufa halirudi.
- Kupunguza teke ni kumsaidia mpigaji, si kumlinda aliye karibu.
- Hakuna bunduki nyepesi ya kutosha kwa mtoto.
- Sabuni na maji kabla ya kumbeba mtoto.
- Ufunguo ukae kwa mwenye bunduki, na wewe mama ujue kwamba uko kwake.