Lebo ya Redio: Inahesabu Magunia au Inatuhesabu Sisi?



Anayefika soko la Nakasero, hapa Kampala, kabla jua halijapanda huona jinsi mizigo inavyohesabiwa kwa desturi ya miaka mingi. Malori yamesimama kando ya barabara, wachukuzi wanashusha matenga ya nyanya na magunia ya viazi, na karani anaandika katika daftari lake. Gunia la huyu lina alama ya rangi nyekundu, la yule limefungwa kwa kamba ya buluu. Mchukuzi akiulizwa mzigo wa fulani uko wapi, hujibu papo hapo bila kutazama karatasi. Daftari la kweli limo kichwani mwake.

Juu ya kilima hicho hicho kuna mahoteli, balozi na ofisi. Watu wa ofisini nao wanataka kujua mzigo uko wapi, lakini wanataka kuujua kwa kutazama kompyuta, bila kumwuliza mchukuzi, karani wala dereva. Chombo kimojawapo kilichobuniwa kwa kazi hiyo ni lebo ya redio. Makala haya yanaeleza lebo hiyo ni kitu gani, ilitoka wapi, na kwa nini sisi wa viwandani, mashambani na barabarani hatuna budi kuijua kabla haijabandikwa mbele ya macho yetu.

KITU CHENYEWE

Lebo ya redio ni kipande chembamba cha karatasi au plastiki. Ndani yake mna chipu ndogo kama punje ya mchanga, pamoja na utepe mwembamba wa madini unaofanya kazi ya antena. Lebo ya kawaida haina betri. Mashine ya kuisomea hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yakiifikia antena, chipu hupata nguvu kidogo, huamka, na kurudisha namba yake. Ni kama kipande cha kioo kinachorudisha mwanga wa jua, ila kioo hiki humeremeta kwa mpango maalumu ambao mashine huusoma kama namba.

Wengi wetu tunaijua mistari myeusi na myeupe iliyochapwa kwenye pakiti ya sabuni au ya majani ya chai. Mistari hiyo ilianza kutumika dukani mwaka 1974, huko Ohio, Marekani. Lakini mistari lazima ionwe na mashine, tena pakiti moja moja. Na kwa kawaida pakiti zote za sabuni ya aina moja huwa na namba moja. Lebo ya redio haihitaji kuonwa. Mashine iliyowekwa mlangoni mwa ghala inaweza kusoma mamia ya lebo kwa mara moja zikiwa ndani ya maboksi. Na kila lebo ina namba yake peke yake. Yaani haisemi tu, "Mimi ni boksi la chai." Inasema, "Mimi ni boksi hili, wala si jingine."

Tusidanganyike kwamba ni uchawi. Chuma huyarudisha mawimbi na maji huyameza, kwa hiyo makopo, vinywaji na matunda yenye maji mengi huisumbua mashine. Umbali nao ni mdogo: lebo za mizigo husomwa kwa meta chache, na kadi nyingi za kufungulia mlango wa kiwanda, ambazo ni ndugu wa lebo hizo, husomwa kwa sentimeta chache tu. Anayekwambia kwamba lebo isiyo na betri inakufuata hadi nyumbani kwako kijijini anakutisha bure. Hofu yetu na iwe juu ya mambo yaliyo ya kweli, nayo yapo.

WALIOKAA MEZANI

Fikra yenyewe ni ya zamani. Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi yalitumia mawimbi ya redio kutambua ndege zao na za adui. Mwaka 1948 mhandisi Harry Stockman alichapisha maandishi yaliyoeleza jinsi ya kuwasiliana kwa mawimbi yanayorudishwa. Lakini kwa miaka mingi lebo ilikuwa ghali mno kubandikwa kwenye boksi la sabuni.

Mambo yalibadilika mwaka 1999, ilipoanzishwa Auto-ID Center katika chuo cha MIT, Marekani. Huu ulikuwa utafiti wa ushirika. Makampuni makubwa kama Procter & Gamble na Gillette yalitoa fedha, pamoja na mashirika yanayosimamia ile mistari myeusi na myeupe. Wataalamu wa chuo, akiwamo Sanjay Sarma, walifanya kazi pamoja na Kevin Ashton, aliyetoka Procter & Gamble. Ashton alikuwa amesumbuliwa na swali moja dogo: kwa nini rangi ya midomo aliyokuwa akiisimamia inakosekana madukani? Lengo likawa kupata lebo ya bei rahisi sana, kiasi cha senti 5 za dola. Chipu ibebe namba tu, na habari nyingine zote zikae katika kompyuta.

Kazi hiyo ilienea hadi vyuo vya Cambridge nchini Uingereza, Adelaide nchini Australia, Keio nchini Japani, Fudan nchini China na St. Gallen nchini Uswisi. Kufikia mwaka 2003, kituo kilipofunga kazi yake na kukabidhi kanuni zake kwa shirika la EPCglobal, makampuni zaidi ya 100 yalikuwa yameshiriki.

Tuwape haki yao: huo ni mfano wa watu wenye faida moja kukaa pamoja, kuchanga fedha na kutafuta jibu. Sisi wa vyama tunaijua njia hiyo vizuri. Lakini tazameni viti vya meza ile. Wenye maduka walikuwapo, wenye viwanda walikuwapo, maprofesa walikuwapo. Ambao hawakuwa na kiti ni wapakiaji, wachukuzi, madereva na wachuma chai, ingawa mnyororo wa ugavi, yaani safari nzima ya bidhaa toka shambani hadi dukani, unapita mikononi mwao. Swali lililoulizwa lilikuwa, "Bidhaa iko wapi?" Swali la "Mfanyakazi atakuwaje?" halikuwa na wa kuliuliza.

YALIYOFUATA

Mwaka 2003 kampuni ya maduka ya Walmart iliwaagiza wauzaji wake wakubwa 100 waanze kubandika lebo kwenye maboksi ifikapo Januari 2005. Viwanda vingi havikuwa tayari. Vikafanya kazi ya mwisho wa safari: boksi likifika mlango wa ghala, libandikwe lebo, liondoke. Gharama ikabaki kwa mwenye kiwanda, na kubandika kukawa kazi nyingine ya mfanyakazi. Leo lebo hizi zimeenea hasa katika nguo. Ndugu yetu wa kiwanda cha nguo anayeshonea maduka ya ng'ambo huenda ameshabandika maelfu bila kuambiwa ni nini.

Wanunuzi wa Ulaya walizinduka mapema. Mwaka 2004, huko Rheinberg, Ujerumani, ilifahamika kwamba kadi za wateja wa duka la majaribio la kampuni ya Metro zilikuwa na chipu za redio ambazo wateja hawakuambiwa. Wakapiga kelele, na kadi zikaondolewa.

Wafanyakazi nao hawakulala. Mwaka 2005 chama cha wafanyakazi cha GMB cha Uingereza kilimtaka Profesa Michael Blakemore wa Chuo Kikuu cha Durham achunguze maghala ya maduka makubwa. Humo wafanyakazi walikuwa wakivalishwa kompyuta ndogo mkononi, zikiwaelekeza waende rafu ipi na wachukue nini, huku zikipima kila dakika yao. Angalieni jambo hili, ndugu: chama hakikungoja utafiti wa mwajiri. Kilitafuta mtaalamu wake, kikapata maneno yake, kikaenda kuzungumza kikiwa na ushahidi mkononi.

BARABARA YA MOMBASA

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Shehena nyingi ya Uganda husafiri kilometa zaidi ya 1,100 kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala. Zamani mizigo inayotozwa ushuru mkubwa ilisindikizwa na askari, na madereva walingojeana hadi msafara utimie. Mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilianza kutumia sili za elektroniki, na mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zikaunganisha mfumo mmoja, wenye vituo vya uangalizi Nairobi, Kampala na Kigali. Sili hiyo si lebo ile ya senti 5. Ina betri, hupata mahali ilipo kwa setilaiti, na hupeleka habari kwa mtandao wa simu. Lakini kazi ni ile ile: mzigo ujitaje wenyewe. Ikifunguliwa njiani, au lori likiacha njia, kituo hupata habari mara moja.

Madereva walipata nafuu ya kweli. Kungojea msafara kulipungua. Tena dereva mwaminifu akipata shahidi: mzigo ukipungua, sili inaweza kuonyesha kwamba haikufunguliwa mikononi mwake.

Kisha ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa korona. Mipaka ya Malaba na Busia ikajaa foleni za malori, na madereva wakaonekana kama ndio ugonjwa wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzisha mfumo mpya wa kufuatilia mizigo pamoja na madereva, kwa njia ya programu iliyowekwa katika simu ya dereva. Humo majibu ya vipimo vyake yalionwa na nchi zilizoshiriki, na safari yake ikafuatwa. Sababu ilikuwapo, watu walikuwa wanakufa. Lakini tuisome hatua hiyo vizuri. Ulianza kufuatwa mzigo, akaja kufuatwa mtu. Mashine inayoonyesha lori limesimama dakika 40 inaonyesha pia dereva amesimama dakika 40. Haijui kama alikuwa akiuza mafuta kwa magendo, akilala kwa uchovu au akitapika kwa homa.

Ni hivyo hivyo katika shamba la chai. Kadi inayogusishwa mizani ya kielektroniki inaweza kumlinda mchumaji dhidi ya karani anayepunguza kilo, maana uzito huandikwa papo hapo. Kadi hiyo hiyo inaweza kuonyesha alichelewa dakika ngapi na nani amezidi nani, na mwezi ujao kima cha kazi kikapandishwa kwa kumfuata aliye mwepesi kuliko wote. Lebo ni shahidi. Ubaya wa shahidi ni pale anapoitwa na upande mmoja tu.

TUFANYE NINI

Hatusemi tuzikatae lebo. Tunasema tukae mezani. Sheria inaturuhusu: Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua haki ya kuungana na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2006 inaeleza njia yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu aeleze anazitakia nini, asikusanye kupita mahitaji, na ampe mwenyewe nafasi ya kuziona na kuzisahihisha. Kenya nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Mwajiri akileta lebo, kadi au sili mpya, tawi na liulize maswali haya, na majibu yaandikwe katika mkataba wa pamoja:

1. Chombo hiki kinahesabu nini: mzigo, au mtu?

2. Habari zinakaa wapi, kwa muda gani, na nani anaziona?

3. Mfanyakazi ataziona habari zake kwa njia gani, na akiona kosa atalalamika kwa nani?

4. Je, habari hizi zitatumika kumwadhibu mtu? Kama ndiyo, asikilizwe kwanza, akiwa na mwakilishi wake. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu na kumsikiliza kabla ya kumwachisha kwa kosa au kwa kazi mbovu. Karatasi iliyotoka kwenye mashine haifuti haki hiyo.

5. Kazi ikipungua kwa sababu ya mashine, karani na mhesabuji watafundishwa kazi gani nyingine?

6. Faida itakayopatikana, sisi fungu letu ni lipi?

La sita ndilo husahaulika. Mzigo ukifika mapema na bila kupotea, kuna fedha iliyookolewa, na mikono iliyoubandika, kuubeba na kuuendesha ni yetu.

Turudi Nakasero. Siku lebo itakapobandikwa kwenye gunia la viazi pale sokoni, yule mchukuzi mwenye daftari kichwani atakuwa bado anajua jambo ambalo lebo haijui: gunia hili limelowa, lile limeoza chini, na huyu aliyelibeba anaumwa mgongo. Ujuzi huo una thamani, na unastahili kiti. Wenye makampuni walikaa pamoja miaka minne kuitengeneza lebo. Sisi tukikaa pamoja jioni moja katika mkutano wa tawi, tukiwa na maswali haya sita, tutakuwa tumeanza.