Nchi ya Kikannada (3): Yakshagana, Hoja za Usiku Kucha

Katika sehemu mbili zilizopita tulifuata maandishi ya Kikannada, tangu jiwe la Halmidi la karne ya 5 hadi tungo za Basavanna na wenzake wa karne ya 12. Leo tunaziacha nyanda za juu, tunashuka milima ya Ghats ya Magharibi mpaka pwani ya jimbo la Karnataka nchini India, katika wilaya za Uttara Kannada, Udupi na Dakshina Kannada. Huko ndiko nyumbani kwa yakshagana, sanaa ambayo kwa maoni yangu imewafundisha wakulima na wavuvi Kikannada fasaha kuliko darasa lolote.

Yakshagana ni mchezo wa kuigiza unaochanganya uimbaji, uchezaji na mazungumzo. Kwa desturi huanza usiku na kumalizika alfajiri. Msimu wake hufunguliwa mnamo Novemba na kufungwa mwishoni mwa Mei, kabla mvua za kusi hazijaifunika pwani hiyo. Jukwaa halihitaji jengo: shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa linatosha, au uwanja ulio mbele ya hekalu. Hakuna pazia lililochorwa mji wala msitu. Mwigizaji akizunguka uwanja mara moja, watazamaji wanaelewa kwamba amesafiri kutoka nchi moja hadi nyingine.

Makundi mengi ya yakshagana yamefungamana na mahekalu, kama vile Kateel, Dharmasthala na Mandarthi. Anayegharimia usiku mmoja wa mchezo mara nyingi ni mtu aliyeweka nadhiri: mtoto wake akipona, au kesi ya shamba ikimwendea vizuri, atamtolea mungu wa hekalu lake mchezo. Hekalu la Kateel lina makundi kadhaa, na bado wenye nadhiri husubiri zamu yao kwa miaka mingi. Siku ikiwadia, kijiji kizima huja kutazama bila kulipa. Ibada ya mtu mmoja inakuwa karamu ya majirani wote, na ndiyo sababu sanaa hii imedumu bila kutegemea hazina ya mfalme wala ya serikali.

Kabla ya mchezo kuanza, waigizaji hukutana katika kibanda cha kuvalia kiitwacho chowki, ambako mungu Ganesha huabudiwa kwanza. Kila mmoja hujipaka rangi usoni kwa mkono wake mwenyewe. Mashujaa huvaa mataji na mapambo ya mabega yaliyochongwa kwa mti mwepesi na kufunikwa kwa karatasi inayong'aa kama dhahabu. Wanaoigiza majitu hujibandika usoni miiba midogo ya unga wa mchele uliokandwa, kazi inayochukua saa nyingi. Jitu likija, kwanza husikika mngurumo wake nyuma ya kitambaa kilichoshikwa na watu wawili. Huonyesha taji, kisha jicho, kisha mkono, mpaka watoto waliokuwa wamesinzia wameamka wote.

Anayeendesha yote hayo ni bhagavata, mwimbaji mkuu. Hushika mapigo kwa matoazi madogo, na ubavuni pake wako wapiga ngoma mbili: maddale, inayofuata sauti yake, na chande, ambayo mlio wake mkali husikika kutoka kijiji cha mbali. Bhagavata ndiye anayeamua mwigizaji aingie lini, wimbo urefushwe au ukatwe, na mapigano yaishe saa ngapi. Wenyewe husema kwamba yeye ndiye mhusika wa kwanza, ingawa haigizi nafasi yoyote.

Sasa tufike kwenye kiini. Kila mchezo una utenzi wake, uitwao prasanga, ambao kwa kawaida hutolewa katika Ramayana, Mahabharata au visa vya Krishna. Utenzi huo ni nyimbo tupu. Bhagavata akimaliza ubeti, mwigizaji hucheza, kisha husimama na kusema. Maneno hayo ya kusemwa hayakuandikwa popote. Mwigizaji huyatunga papo hapo, kwa Kikannada sanifu, akijibizana na mwenzake ambaye naye hajui atakachoulizwa.

Chukua kisa cha kifo cha Vali, mfalme wa nyani. Rama, shujaa wa Ramayana, amefanya mapatano na Sugriva, ndugu yake Vali, na anampiga Vali mshale akiwa amejificha wakati ndugu hao wanapigana. Katika utenzi, beti za tukio hili ni chache. Uwanjani, Vali aliyeanguka anaweza kumhoji Rama kwa muda mrefu. Kosa langu kwako ni lipi? Shujaa hupiga kwa kujificha? Rama akijibu kwamba Vali alimnyang'anya ndugu yake mke na kwamba mfalme ana haki ya kuadhibu, atabanwa upya. Akijitetea kuwa mwindaji huruhusiwa kumvizia mnyama, Vali atauliza: kama mimi ni mnyama, mbona unanihukumu kwa sheria ya ndoa za wanadamu? Na kama sheria hiyo inanihusu, mbona umeniwinda kama mnyama? Watazamaji wanajua tangu utotoni kwamba Vali atakufa. Wanachokesha kukisubiri ni hoja ya usiku huo.

Mvua zinapozuia michezo ya nje, majibizano hayo huhamia ndani na huitwa talamaddale. Hapo hakuna taji, rangi wala uchezaji. Waigizaji huketi wakiwa na nguo zao za kawaida, bhagavata huimba, na hoja peke yake ndiyo inayobeba kisa. Katika uwanja huo alivuma Sheni Gopalakrishna Bhat, ambaye bado anakumbukwa kwa ukali wa mantiki yake. Watu waliketi saa nyingi kumsikiliza akiwatetea wahusika ambao dini yao iliwafundisha kuwaona waovu.

Thamani ya jambo hili huonekana zaidi ukikumbuka kwamba kwa watu wengi wa pwani ya kusini Kikannada si lugha ya nyumbani. Wao huzungumza Kitulu, wengine Kikonkani au lugha ya Waislamu wa Beary. Mwigizaji aliyekulia katika Kitulu, pengine bila kumaliza shule, anasimama na kutoa maelezo ya haki, wajibu na utawala kwa Kikannada safi, na kuchomeka neno la Kiingereza huhesabiwa kuwa dosari. Mtazamaji naye huondoka alfajiri na msamiati aliokuja bila kuwa nao.

Mwandishi K. Shivaram Karanth, aliyepata tuzo ya Jnanpith ya mwaka 1977, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuichunguza sanaa hii na kuitetea. Tangu wakati wake mengi yamebadilika, na baadhi ni ya kufurahisha. Zamani nafasi zote, hata za wanawake, zilishikwa na wanaume. Leo yako makundi ya wanawake watupu, na Leelavathi Baipadithaya aliheshimika kama bhagavata katika makundi ya kitaalamu. Zimetungwa prasanga za Kitulu pia.

Lakini baadhi ya makundi sasa yamefupisha mchezo uishe usiku wa manane, kwa kuwa watu wanawahi kazini na vipaza sauti vina masharti. Sababu hizo naziheshimu. Ninachoogopa ni kwamba saa zikipunguzwa, uchezaji na mapigano hubaki kwa kuwa yanapendeza machoni, ilhali majibizano ndiyo yanayokatwa. Ni rahisi kuhifadhi mataji katika makumbusho na nyimbo katika vitabu. Uwezo wa kujibu hoja ambayo hukuitarajia hauhifadhiwi hivyo. Huishi kwa kutumiwa mbele ya watu, na kijana huupata kwa kuketi na wakongwe msimu baada ya msimu. Wapenzi wa yakshagana wanaotaka kuirithisha waanze kwa kuulindia muda mdahalo wake.

Wiki ijayo tutapanda tena milimani, kwenye misitu ya Yellapur na Haliyal, kuwatazama Wasiddi, wananchi wa Karnataka ambao wahenga wao walitoka Afrika, wengi wakivushwa bahari kama watumwa.