Ukumbi unaingiza pesa, paa linavuja: kodi ya mikutano Busia na Tororo huishia wapi?

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka wa Busia na Malaba wana mikutano mingi kuliko wanavyokiri. Kuna chama cha kuweka na kukopa. Kuna kikao cha wauza samaki, cha wenye mahindi na maharagwe, cha wauza mitumba, na cha waendesha boda boda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa papa hapa Busia enzi za baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Kuna siku maafisa wa forodha wanapokuja kueleza fomu mpya. Na kila mkutano una swali linalotangulia ajenda: watu watakaa wapi?

Kanisa lina ibada zake na haliwezi kupokea kila kikao. Darasa lina madawati ya watoto. Mwembe hauzuii mvua. Hoteli hutoa chumba bure mradi kila aliyeketi anunue chakula cha mchana, na kwa mama anayeuza nyanya kwa mafungu, sahani hiyo moja yaweza kumeza faida ya siku nzima. Kinachobaki ni ukumbi wa jamii: mali ya umma, kodi nafuu, mahali ambapo Mkenya na Mganda, Mwislamu na Mkristo, wanaingia bila kuwa wageni wa mtu.

Kwa wanaoishi kwa kuvuka mpaka, kikao kama hicho ni sehemu ya biashara. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa Februari 24, 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, ili msafiri na mzigo vikaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Asiyejua hilo huendelea kumlipa kijana wa njia ya panya. Na tangazo lililobandikwa ukutani kwa Kiingereza halijamfundisha mtu sana. Watu hujifunza wakikaa pamoja, wakauliza kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia au Kidhopadhola, na mwenye fomu akajibu mbele ya wote ili asiweze kubadilisha maneno kesho yake.

Kumbi za namna hii si jambo jipya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali za kikoloni zilijenga kumbi za starehe na maendeleo ya jamii katika miji ya Afrika Mashariki, zikitaraji Waafrika wacheze dansi, wajifunze kufuma na kusoma, na kuacha siasa. Mambo hayakwenda hivyo. Ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi ukawa baraza la wanasiasa. Dar es Salaam, katika ukumbi wa Arnautoglu ambao wenyeji waliuita Anatoglo, Julius Nyerere alichaguliwa Aprili 1953 kuwa rais wa TAA, chama kilichogeuka TANU mwaka uliofuata. Watu wakishapata paa na viti, hawamngoji mwenye jengo awapangie la kuzungumza.

Baada ya uhuru kumbi zilirithiwa na mabaraza ya miji na wilaya, na urithi huo ndio chanzo cha matatizo ya leo. Upande wa Kenya, mali za mabaraza ya zamani zilipita kwa serikali za kaunti mwaka 2013. Upande wa Uganda, wilaya zimegawanywa mara kadhaa: Busia ilikuwa sehemu ya Tororo hadi 1997 ilipofanywa wilaya yake. Kila mgawanyo huleta ofisi mpya, makabati mapya na faili zinazohamishwa. Jengo hubaki lilipo, ila mtu wa kuulizwa habari zake hubadilika.

Sasa fedha, maana hapo ndipo penye utata. Mwenye chama anakwenda kulipia ukumbi, anapewa risiti, anadhani amechangia ukumbi ule. Upande wa Kenya sivyo ilivyo. Ibara ya 207 ya Katiba ya 2010 inataka mapato yote ya kaunti yaingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa yale yaliyotengwa kwa sheria ya Bunge. Kodi ya ukumbi inaingia huko pamoja na ada za soko, leseni na maegesho. Kutoka humo inagawanywa kwa bajeti, na katika bajeti bati la ukumbi linashindana na barabara na dawa. Mtunza ukumbi aliyekusanya pesa Jumamosi hana senti ya kununua balbu Jumatatu.

Chukua hesabu ya mfano tu. Ukumbi unaokodishwa kwa shilingi 2,000 za Kenya mara nane kwa mwezi huingiza 16,000, yaani 192,000 kwa mwaka. Pesa hiyo haijengi ukumbi mpya. Lakini ikibaki palepale, hununua mabati ya kubadilisha yaliyooza, hupaka rangi, huziba bomba na kumlipa fundi kabla tundu halijawa dirisha. Ikienda zake, ukumbi unafanya kazi kama punda asiyelishwa.

Hospitali za umma nchini Kenya zilikuwa na kilio hiki hiki hadi ilipopitishwa sheria ya mwaka 2023 ya ufadhili wa uboreshaji wa vituo vya afya, inayoviruhusu kubaki na mapato yake na kuyatumia. Kumbi hazina sheria kama hiyo. Hata hivyo mlango haujafungwa: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaipa kaunti uwezo wa kuanzisha mifuko maalum kwa idhini ya bunge la kaunti. Mfuko mdogo wa kutunza kumbi na masoko hauhitaji kubadilisha Katiba. Unahitaji mjumbe wa wadi aliyebanwa na wapigakura wake.

Nchini Uganda Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ilikaribia zaidi kilio hicho. Baraza la kaunti ndogo linalokusanya mapato hubaki na asilimia 65 na kupeleka 35 wilayani. Katika manispaa, divisheni hubaki na asilimia 50. Kwa maneno mengine, sehemu ya pesa ya ukumbi inaweza kisheria kukaa karibu na ukumbi. Lakini "karibu" ni mfuko wa divisheni, na divisheni ina mishahara na mafuta ya gari. Bila mstari wenye jina la ukumbi katika bajeti, asilimia 50 ya kitu huwa sifuri ya paa.

Mstari huo huandikwa wakati unaojulikana. Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza Julai 1. Kaunti ya Busia, kama kaunti nyingine zote, inalazimika kusikiliza wananchi kabla ya kupitisha bajeti na mswada wa fedha, ambao ndio unaotaja ada. Upande wa pili kuna mikutano ya bajeti ya wilaya na manispaa. Wafanyabiashara hufika kwa wingi ada ya soko inapopanda. Sehemu ya kumbi ikifikiwa, wengi wamekwishaondoka kwenda kufungua vibanda.

Upande wa uendeshaji hauhitaji sheria mpya, na hapa lawama ni ya pande zote. Ukumbi huuawa na daftari mbili: moja ofisini, nyingine kwa mshika funguo. Siku ya Jumamosi harusi inafika na jenereta, inakuta chama cha akiba kimekwisha kukaa na sanduku lake la kufuli tatu, na kila upande una risiti. Daftari moja, inayokaa mahali pamoja na kuonekana na yeyote anayeuliza, humaliza nusu ya ugomvi huo. Nusu nyingine humalizwa na amana ya uharibifu, inayorudishwa baada ya viti kuhesabiwa mwenye shughuli akiwepo. Akishaondoka, kiti kilichovunjika hakina mwenyewe.

Umeme nao. Pande zote mbili siku hizi ni wa kulipia kwanza, tokeni Kenya na Yaka Uganda. Penye utaratibu mzuri, mita husomwa mpangaji anapoingia na anapotoka, naye hurudisha uniti alizotumia. Pasipo utaratibu, mwenye disko la usiku hula uniti zote na akina mama wa asubuhi huanza kuchangishana gizani. Mpakani kuna jambo la ziada: sarafu. Mwenye ukumbi wa Busia ya Kenya hupokea shilingi za Uganda kutoka kwa wapangaji wa ng'ambo, na bei ya kubadilisha hupanda na kushuka. Risiti iandikwe kwa sarafu iliyotolewa, na amana irudishwe kwa sarafu hiyo hiyo. Amana nyingi zimegeuka kesi kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei kati ya Ijumaa na Jumapili.

Wapangaji wabaya kuliko wote, na hili lasemwa bila woga, ni wale wasiolipa kabisa. Warsha za idara mbalimbali, semina za miradi na mikutano ya kampeni huingia kwa simu kutoka juu. Wajane wenye chama chao hulipa mpaka shilingi ya mwisho. Kama serikali inaona haya kujilipa yenyewe, basi ingalau idara inayotumia ukumbi ilete sabuni, uniti na mafagio.

Kuhusu jengo lenyewe, eneo hili lina adui zake. Vitabu vya zamani vya hali ya hewa viliitaja Tororo kuwa miongoni mwa sehemu zenye siku nyingi za ngurumo duniani, na anayeishi chini ya Mwamba wa Tororo hahitaji kitabu. Paa la bati lisilo na waya wa radi uliofukiwa vizuri ardhini ni hatari kwa watu mia walioketi chini yake. Mifereji ya paa ikiziba kwa majani, maji hurudi ukutani na lipu hububujika. Popo hupenda dari tupu, na kinyesi chao hulemea mbao mpaka siku moja sehemu ya dari hushuka yenyewe. Mchwa hupanda kimya kimya kwenye fremu za milango. Kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua na kuzunguka taa, wapo wanaofurahia kitoweo, lakini mtunza ukumbi mwerevu huenda kutazama wametokea pembe gani.

Kisha kuna asbesto. Tororo, mji wa saruji tangu miaka ya 1950, ulikuwa pia na kiwanda cha mabati ya asbesto, na mapaa ya kijivu ya aina hiyo yangali yanaonekana katika majengo ya umma ya zamani. Yakikaa mazima hayana haraka ya kudhuru. Yakikatwa kwa msumeno, yakitobolewa au kufagiliwa makavu yakiwa yamevunjika, hutoa vumbi linaloweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kijana wa kazi za mkono asipandishwe juu na nyundo. Kuyaondoa ni kazi ya wenye kibali, chini ya mamlaka ya mazingira, ambayo kwa bahati njema ina kifupi kile kile pande zote mbili: NEMA.

Machi 2020, nchi zote mbili zilipofunga mikusanyiko kwa sababu ya korona na Uganda ikafunga mpaka kwa abiria, kumbi zilikaa tupu kwa miezi mingi huku malori yakipanga foleni Malaba yakisubiri vipimo. Jengo lisilofunguliwa huharibika upesi kuliko linalotumiwa, kwa sababu hakuna anayeona tundu likiwa dogo.

Na jengo lililoachwa huvutia macho mengine. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ardhi ya umma Kenya ilionyesha jinsi viwanja vilivyotengwa kwa huduma za wananchi vilivyogawiwa watu binafsi. Kiwanja cha ukumbi katikati ya mji wa mpakani, karibu na barabara ya malori, kina thamani kubwa kuliko ukumbi wenyewe. Wanaokitamani hawahitaji kuubomoa; wanahitaji tu uvuje mpaka watu waache kuja, halafu waulize kwa upole kwa nini nafasi nzuri hivyo inakaa bure.

Vyama vya wafanyabiashara vinavyolipa kodi ya ukumbi vina haki ya kuuliza mambo mawili kabla ya kulipia mwaka ujao. La kwanza, je, kiwanja kina hati, na kwa jina la nani? Upande wa Kenya jibu hupatikana kwa kuomba upekuzi katika masijala ya ardhi; upande wa Uganda, kwa ofisi ya usajili wa ardhi. La pili, katika bajeti ya Julai, mstari wa ukarabati wa ukumbi huo uko ukurasa gani?